Bei Imeshuka, Wivu Umepanda

SEHEMU YA SITA: CHINI YA TURUBAI

Wiki nzima tumemwacha mwanamume wa watu amelala chali juu ya magunia ya chakula cha kuku, pumba zimemjaa puani, turubai juu yake, na mkono wa mtu asiyemjua umeshika pembe ya turubai hilo unaanza kulivuta. Poleni mliokosa usingizi. Sasa tulifunue.

Kwa aliyeingia leo, mwanamume huyo ni Kinyozi, mwenye duka la kunyolea lenye viti viwili na kioo kimoja. Gari alilojificha ni pikapu ya mkewe, anayesambaza chakula cha kuku, na ambaye madereva wa mji wanamwita Bi Gia kwa jinsi anavyoingiza gia bila gari kushtuka.

Kilichomlaza Kinyozi chini ya turubai ni sauti.

Kila alfajiri sauti hiyo huingia chumbani mwao kupitia simu ya Bi Gia. "Wapendwa wa usukani, mmeamkaje? Petroli nafuu ya leo iko upande huu, ghali iko upande ule." Huyo ni Bwana Bei. Ndiye anayewajulisha madereva wa kundi lao la simuni mafuta yameshuka wapi na yamepanda wapi. Na Bi Gia akiisikia sauti hiyo hutabasamu kabla hajafumbua macho.

Kabla hajafumbua macho, msomaji! Wewe ungevumilia?

Kinyozi hakuvumilia. Aliona mkewe anavuka mji mzima kwenda kujaza kituo cha mbali, na mafuta anayoyaunguza njiani yanameza nafuu yote. Akajiambia, mtu haendi mbali namna hiyo kufuata bei. Anamfuata mwenye kuitangaza. Ndipo asubuhi hiyo akafunga duka, akapanda nyuma ya pikapu, akajifunika. Walipofika kituoni, pumba zikamtekenya, akapiga chafya.

Turubai likafunuka.

"Mwizi!" akapiga kelele mhudumu wa pampu, msichana mwenye ovaroli pana kuliko yeye. "Mwizi yuko kwenye gari la Bi Gia!"

Foleni nzima ikamwagika. Milango ya magari ikafunguka huku na huku. Wa kwanza kufika alikuwa Muuza Barafu, mtu mwenye kifua kama kabati, mkononi ana spana.

"Shuka, mjomba. Shuka kwa hiari yako."

Kinyozi akainua mikono. Kichwa cheupe kwa pumba, nyusi nyeupe, hata ulimi mweupe. Akataka kusema, ikatoka chafya nyingine.

Bi Gia akafika. Akamtazama juu mpaka chini. Mkewe wa ndoa, anayemjua mpaka anavyokoroma, akamtazama kama anayetazama gurudumu lililopasuka.

"Weka spana chini," akamwambia Muuza Barafu. "Huyu ni utingo wangu."

"Utingo gani analala chini ya mzigo?"

"Mvivu. Nampeleka kazini amefunikwa, asije akaruka njiani."

Kicheko kikapasuka kituo kizima. Kinyozi akahisi damu inampanda. Utingo! Mimi niliyetoa mahari, leo ni utingo? Akafungua kinywa.

Bi Gia akainama kama anayerekebisha gunia, akamnong'oneza sikioni. "Sema neno moja tu, niwaambie wewe ni nani na ulikuwa unatafuta nini humo."

Kinyozi akafunga kinywa.

Hapo ndipo akamwona.

Aliteremka kutoka kwenye kigari kidogo kilichokuwa mbele ya pikapu kwenye foleni. Shati jeupe lililopigwa pasi, kofia mkononi. Alikuwa na mvi, lakini si mvi za shida, ni mvi zilizokaa mahali pake kama zimepangwa. Kinyozi akazitazama ndevu zake na moyo ukamuuma mara ya pili, maana alizijua kazi za watu. Ndevu zile zilichongwa na fundi. Fundi mwingine! Mtu huyu alikuwa mzuri, na uzuri wake haukupitia hata dukani kwake.

"Wapendwa wa usukani," akasema yule mtu, "mwacheni utingo wa watu apumue."

Sauti ileile. Ile ya alfajiri.

"Bi Gia," akaendelea, "tangulia. Mzigo wako unangojwa, wangu si wa haraka."

"Hapana, Bwana Bei, zamu ni yako."

"Nimesema tangulia, binti. Usinibishie mbele ya watu."

Akakisukuma kigari chake kando kwa bega, injini imezimwa, maana mtu yule hakuwasha injini kwa safari ya hatua mbili. Bi Gia akacheka, akamshusha Kinyozi, akapeleka pikapu kwenye pampu. Kinyozi akahesabu meno yote yaliyoonekana katika kicheko kile. Nyumbani huwa hayaonekani yote.

Bwana Bei akamsogelea.

"Utingo, pole. Maji ya kunawa unayo?"

"Sihitaji."

"Umefanya kazi naye muda mrefu, Bi Gia?"

"Muda mrefu kuliko unavyofikiri."

"Basi mumewe unamjua."

Kinyozi akameza pumba. "Namjua vizuri."

"Ni mtu wa namna gani?"

Fikiria mtego huo, msomaji. Kusimama mbele ya mwizi wako, akuulize nyumba yako ina mlango wa aina gani.

"Ni mtu mzuri sana," akasema Kinyozi. "Mpole. Mwenye akili. Anampenda mkewe kupita kiasi."

"Nasikia ana wivu."

"Nani kasema?"

"Watu."

"Watu wana midomo mirefu."

Bwana Bei akaizungusha kofia yake vidoleni. Akatazama upande wa pampu, kisha akashusha sauti. "Nina jambo zito la kuzungumza naye. Jambo la moyo. Nimeliahirisha siku nyingi kwa woga. Umri umekwenda, utingo, lakini moyo hauoti mvi. Unadhani nikimwendea na kumwambia ukweli, atanipiga?"

"Atakuua," akasema Kinyozi.

Bwana Bei akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyetajiwa bei kubwa lakini ya haki.

"Basi niende leo leo," akasema, "kabla sijaogopa zaidi."

Mara mhudumu wa pampu akaanza kupunga mikono. "Yameisha! Yamekauka! Ngojeni lori, sijui litakuja saa ngapi!"

Tone la mwisho lilikuwa limeingia kwenye tangi la Bi Gia. Madereva wakaguna, wengine wakapiga honi. Bwana Bei peke yake ndiye aliyecheka. "Mshale wangu wa mafuta umelala kwenye wekundu tangu jana," akasema, "lakini kwa leo hata kwa kusukuma nitafika."

Bi Gia akapiga honi. "Utingo! Panda mbele!"

Walikwenda kimya mpaka kituo kikapotea nyuma yao. Kisha wote wawili wakaanza kusema kwa pamoja, kama wanandoa.

"Umenikana mbele ya watu!"

"Nimekuokoa na spana!"

"Ungesema mimi ni mume wako."

"Niseme mume wangu yuko chini ya turubai ananichungulia kama anayemvizia kuku ajue anataga wapi? Hiyo ndiyo heshima unayoitaka?"

Kinyozi akajipangusa pumba usoni. Kisha akarudi na lile lililomkaba.

"Yule mzee ana nini na wewe?"

"Ana jambo."

"Jambo gani?"

"Si langu kulisema. Nimeapa."

"Umemwapia nani?"

Bi Gia akabadilisha gia, na kwa mara ya kwanza tangu amjue, Kinyozi akasikia gari likishtuka.

"Mtu ninayemheshimu," akasema mkewe. "Na kwa leo, namheshimu kuliko wewe."

Msomaji, maneno mengine yangekuwa kisu, mtu angejua pa kufunga kitambaa.

Simu ikalia juu ya dashibodi. Ujumbe wa sauti. Bi Gia akaufungua bila kujificha.

"Wapendwa wa usukani, mafuta ya nafuu yamekwisha, tuwe na subira. Msije mkakimbilia kile kituo cha kilimani, kule bei iko juu ya paa. Tulieni lori lifike. Na wewe Bi Gia, ahsante kwa yote. Umenibeba mpaka hapa. Leo ndiyo leo."

Bi Gia akatabasamu. Tabasamu lilelile la alfajiri, safari hii macho yakiwa wazi.

Wakasimama kwenye duka la mteja. Bi Gia akaingia kuzungumza na mwenye duka, akimwachia Kinyozi magunia. "Shusha," akasema. "Si ulitaka kujua kazi yangu?" Na simu akaiacha palepale juu ya dashibodi.

Simu ile haikuwa na nywila. Bi Gia hakuwahi kuificha, hata siku moja. Hilo peke yake lingemfundisha Kinyozi kitu, lakini wivu ni mwanafunzi mtoro.

Alishusha gunia la kwanza. Alishusha la pili. La tatu akaliacha mlangoni mwa gari, akakaa kwenye kiti cha dereva, akaitwaa simu.

Hakutaka makubwa. Alitaka jambo moja tu, madereva wamwone yule mwenye shati jeupe kuwa ni mwongo, sauti ile ipoteze utamu wake. Akaandika: "Bwana Bei hana habari. Nimepita kilimani sasa hivi, bei imeshuka kuliko pote na foleni hakuna. Wahini."

Akatuma.

Haikupita hata dakika, kundi likawaka. "Asante Bi Gia!" "Mungu akupe maisha!" "Nageuza gari!" Kisha ikaingia sauti, tulivu kama kawaida.

"Bi Gia akisema, mimi nanyamaza. Macho yake ni mazuri kuliko yangu, na ulimi wake haujawahi kutudanganya. Wapendwa, twendeni kilimani. Hata mimi nakuja, niko njiani na mgeni wangu."

Kinyozi akausoma tena ujumbe wake.

Alimrushia Bwana Bei jiwe, na jiwe lilikuwa na jina la mkewe. Alitaka kuufuta ujumbe. Kidole kikabonyeza huku, kikabonyeza kule, kikacheza na kila kitu isipokuwa palipotakiwa.

"Mbona gunia liko mlangoni?"

Bi Gia huyo. Simu ikarudi juu ya dashibodi kama haikuguswa, na Kinyozi akashuka kubeba gunia ambalo, wallahi, lilikuwa jepesi kuliko kifua chake.

Walikuwa hawajafika kwa mteja wa pili simu ilipopigwa. Muuza Barafu. Sauti yake ilijaa gari zima.

"Bi Gia, sisi tumekukosea nini?"

"Kwani vipi, kaka?"

"Vipi? Unatuuliza vipi? Tuko kilimani hapa! Bei ni ileile ya kunyonga watu! Mwalimu wa Udereva gari limemzimikia na mwanafunzi ndani. Mimi barafu yangu imegeuka maji, inachuruzika barabarani watu wanaikanyaga! Njoo utueleze!"

Bi Gia akakata simu. Alisimamisha gari kando, akaichukua simu, akasoma. Alisoma polepole, kisha akasoma tena. Kisha akamtazama mumewe.

Kinyozi alitegemea matusi. Angeyapokea kwa mikono miwili. Lakini mkewe aliirudisha simu mahali pake, akaingiza gia, akageuza pikapu kuelekea kilimani. Njia nzima hakusema neno. Kinyozi akatamani sana kile kisu cha asubuhi.

Barabara ya kilimani ilikuwa imejaa magari yaliyopanda kwa matumaini na kukwama kwa hasira. Juu, karibu na pampu, madereva walikuwa wamejikusanya. Chini yao kidogo, katikati ya mteremko, kigari kidogo cha Bwana Bei kilikuwa kimezima, jiwe limewekwa nyuma ya gurudumu kisirudi. Bwana Bei alisimama kando yake, shati jeupe limelowa jasho mgongoni.

Na kwenye kiti cha mbele palikuwa na mwanamke.

Kinyozi alimwona kwa nyuma tu, kitambaa kipya cha kichwani na bega lililokaa wima. Moyo ukamruka. Ana mwanamke! Mzee ana mwanamke mwingine! Furaha ikamwingia, na nyuma ya furaha, sijui mnielewe vipi, kukaingia hasira. Kumbe anamchezea mke wangu? Ana mke wangu, na bado anampakia mwingine mbele, mchana kweupe? Ndiyo hivyo, msomaji. Mtu akishaonja wivu, huanza kuona wivu hata kwa niaba ya wenzake.

Bi Gia akashuka. Madereva wakamzunguka.

"Tulikuamini!"

"Nimemshusha abiria njiani kwa ajili yako!"

"Kundi hili linaishi kwa neno la mtu. Mtu mmoja akidanganya bei, sote tumekwisha. Toka kwenye kundi!"

"Atoke!"

Bi Gia akasimama katikati yao, mikono imening'inia. Alikuwa mwanamke pekee katika kundi lile, na alikwisha kumwambia mumewe siku moja ilimchukua muda gani mpaka wanaume wale wakaacha kumwuliza gari ni la nani. Neno lake lilikuwa ndilo gari lake la pili.

"Ujumbe umetoka kwenye simu yangu," akasema. "Sina la kujitetea. Niadhibuni mimi."

Hakumtaja. Hata kwa jicho hakumwelekezea.

Kinyozi alikuwa bado amekaa ndani ya pikapu. Angeweza kukaa. Kwao alikuwa utingo, na utingo hahojiwi. Lakini aliona bega la mkewe likitetemeka mara moja, mara moja tu, kisha likatulia kwa nguvu. Akafungua mlango.

"Ni mimi," akasema.

Hawakumsikia. Akapanda nyuma ya pikapu, juu ya magunia, akapaza sauti. "Nimesema ni mimi! Mimi ndiye niliyeandika! Yeye alikuwa dukani kwa mteja!"

"Utingo, nyamaza, mambo ya wakubwa haya."

"Mimi si utingo! Mimi ni mumewe!"

Kukawa kimya mpaka maji ya barafu yakasikika yakidondoka kutoka kwenye gari la Muuza Barafu.

"Nilijificha kumfuata," akasema Kinyozi, na kila neno lilitoka na ngozi yake. "Nilidhani ana mtu. Nikaandika uongo ili mmwone Bwana Bei ni mwongo. Sikufikiri kwamba jina ni la mke wangu. Yeye hajawadanganya. Hajawahi. Mimi ndiye."

Muuza Barafu ndiye aliyeanza kucheka. Kicheko kikapita kwa mmoja, kikapita kwa mwingine, mpaka wengine wakashika magari yao wasianguke. "Mume! Chini ya turubai! Na pumba!" Mwingine akasema, "Leo nimepata hasara lakini nimepata hadithi!" Kinyozi akasimama juu ya magunia yake, akanyeshewa na mvua yote ile ya kicheko bila mwavuli.

Bwana Bei hakucheka. Alipanda taratibu mpaka ubavuni mwa pikapu.

"Ulidhani ana mtu," akasema. "Na mtu huyo ni mimi?"

"Nani mwingine?"

"Mimi na Bi Gia?"

"Wewe mwenyewe ulisema una jambo la moyo!"

Mlango wa kile kigari ukafunguka. Yule mwanamke akashuka, mguu mmoja kisha mwingine, akauweka vizuri mtandio wake mpya, akageuka.

Kinyozi akashuka kutoka kwenye magunia bila kujua ameshukaje.

"Mama?"

Alikuwa mama yake mzazi. Mjane, fundi wa cherehani, anayeishi peke yake upande wa pili wa mji, karibu na kile kituo cha mbali.

"Ndiyo, mwanangu," akasema mama. "Nimevaa nguo niliyoishona kwa mkono wangu, nilikuwa naletwa dukani kwako ili mtu huyu akakusalimie kwa adabu na kusema kilichomleta. Sasa nimefika hapa, nimekaa kwenye jua, nimesikia yote."

"Mama... na huyu?"

"Na huyu. Ana ubaya gani?"

"Mke wangu alijua?"

"Nilimwapisha. Ndiye aliyekuwa akija kunitazama kila wiki wewe ukiwa na shughuli. Ndiye aliyenifahamisha na mtu huyu, siku cherehani yangu ilipohitaji kubebwa kwenda kwa fundi. Nilimwambia asiseme mpaka nikwambie mwenyewe. Nikawa naogopa. Unajua kwa nini?"

Kinyozi alijua. Watu wote walijua.

Lakini wivu, msomaji, ni kama maji, ukiziba hapa unatokea pale. Kinyozi alimtazama Bwana Bei, akatazama zile ndevu, akatazama mkono wa mama yake ulioshika kofia ya mwanamume yule, akasikia kifua kinakaza upya kama mtoto aliyenyang'anywa.

"Na baba je?" akauliza.

Mama akamsogelea hatua moja.

"Baba yako nilimzika," akasema. "Sikuzikwa naye."

Hapakuwa na aliyecheka.

"Sikuja kuomba ruhusa," akaongeza mama. "Nilikuja kukuheshimu. Nawe heshima yako umeifunika kwa turubai. Mkwe wangu, nipeleke nyumbani."

Bi Gia akamfungulia mlango wa mbele. Kinyozi akamkimbilia mkewe, akamshika mkono.

"Mke wangu, nisamehe."

"Umewaambia madereva ukweli, umefanya vizuri," akasema Bi Gia. "Mimi nitakujibu nikipoa. Injini ya moto haifunguliwi mfuniko."

Pikapu ikageuka, ikateremka. Madereva nao wakatawanyika mmoja mmoja, wenye mafuta wakiwavuta wasio nayo. Muuza Barafu akapita akitoa kichwa dirishani. "Nyinyi wawili mtasukuma wenyewe! Ndiyo adhabu yenu!"

Wakabaki wawili na kigari kidogo kisicho na mafuta, pampu ziko juu yao hatua chache tu, ghali kama dhahabu.

"Haya," akasema Bwana Bei. "Leo nitanunua mafuta ya bei ambayo nimewakataza watu. Shika nyuma. Mimi nashika usukani kutoka nje. Breki za gari hili ni mimi na lile jiwe."

Akaliondoa jiwe. Wakasukuma. Kigari kikapanda kidogo kidogo, Kinyozi akihema nyuma, uso umekaribia kugusa buti.

"Mzee," akasema baada ya kitambo, "unisamehe."

"Nilikwisha kusamehe kituoni. Nilikujua tangu turubai lilipofunuliwa. Picha yako iko ukutani kwa mama yako, umevaa suti kubwa."

"Ulinijua? Na ukaniuliza yale yote?"

"Nilitaka kusikia mume anajisemaje. Ulijisifu vizuri."

Kinyozi, pamoja na aibu yake yote, akacheka. Na alipocheka akahisi kitu kimelegea kifuani, kitu kilichokaza miezi na miezi. Hakuna mtu! Mkewe hana mtu! Alfajiri zote zile za mateso zilikuwa posa ya mama yake. Akasukuma kwa nguvu mpya.

"Basi nimekuwa mjinga bure," akasema.

Bwana Bei akakaza mkono kwenye usukani. Alisukuma hatua mbili tatu akitazama mbele.

"Mzee?"

"Mwanangu," akasema Bwana Bei, "kama utaniruhusu nikuite hivyo. Nimeingia katika nyumba yenu, na siwezi kuingia na jambo moyoni. Mjinga, ndiyo. Bure, sina hakika."

"Unasema nini?"

"Nasema ulikosea mtu."

Kinyozi akainua uso kutoka kwenye buti. "Ni nani?"

"Sijui jina lake. Hayumo kwenye kundi letu. Najua tu kwamba kila Bi Gia akitoka kumwona mama yako, yuko mtu anayemngoja barabarani, wanazungumza, na Bi Gia akiona tunakaribia, humwambia aondoke. Nilidhani unamfahamu. Nilidhani ni ndugu."

"Ni mtu wa namna gani?"

Bwana Bei akageuza kichwa, akatazama chini ya mteremko juu ya bega lake, na uso wake ukabadilika.

"Huyo pale," akasema.

Kinyozi akageuka. Pikapu ya mkewe ilikuwa imesimama chini kabisa, mahali mteremko unapoishia, mama yake angali ndani. Mwanamume mrefu alikuwa ameegemea dirisha la dereva, kichwa karibu kiingie ndani. Na Bi Gia, ambaye muda mfupi uliopita hakuwa na tabasamu hata la kuazima, alikuwa amerudisha kichwa nyuma akicheka, meno yote nje.

Kinyozi akaruka kando, mikono yake miwili ikaliachia gari.

"Shika!" akapiga kelele Bwana Bei. "Shika, mwanangu!"

Usukani ukamponyoka mzee mkononi. Kigari kikarudi nyuma, kwanza polepole, kisha si polepole tena, kikateremka kilima kikiielekea pikapu.